Mgeni wa Jioni

Mwalimu Mughwai hakuwa mtu wa kuhurumiwa, na angekusikia unamhurumia angekutimua uwanjani kwake kwa fagio. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma pale Mkiwa, nyuma kidogo ya njia panda ya kwenda Itigi. Alikuwa na pensheni, kuku kumi na wawili, na makabati mawili ya vitabu. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Mkewe, Severina, alikuwa na miaka mitano kaburini. Binti yake wa pekee, Flora, aliishi Mandewa, mjini Singida, na mume na watoto wake, na kila Jumapili alipiga simu: "Baba, njoo ukae na sisi." Naye kila Jumapili alijibu kwamba kuku hawana wa kuwaangalia. Kuku! Mtu aliyefundisha fasihi miaka thelathini na minne anajificha nyuma ya kuku.

Wala usidhani Mkiwa hakuna watu. Wamejaa tele. Basi likisimama, kina mama wanakimbilia madirishani na chupa za mafuta ya alizeti na ndoo za vitunguu, kelele mpaka unaziba masikio. Lakini salamu ni salamu tu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo." Basi, imeisha hiyo, kila mtu na hamsini zake. Hakuna anayesimama kukuuliza kama binadamu wanaweza kuishi pamoja bila kuumizana. Katika Mkiwa nzima alikuwepo mmoja tu wa kumuuliza hivyo, aliyeitwa Amosi. Na habari hii ni ya jinsi mwalimu alivyompoteza.

Amosi alikuwa na kibanda umiza. Mabati juu, mabati ubavuni, mabenchi sita, runinga kubwa mbele. Ukikaa humo saa mbili mgongo unakuelewesha kwa nini vijana wamekipa jina hilo. Kazi ya Amosi ilikuwa kutafsiri picha. Picha ya kigeni inakwenda, sauti imepunguzwa, yeye amekaa pembeni na maiki, anawaeleza watu kwa Kiswahili nani kasema nini, nani kamkasirikia nani, na stelingi, yule shujaa wa picha, atatokea wapi. Picha za Kichina ndizo alizokuwa bingwa wake. Alisema lugha aliipata alipokuwa mshika bendera kwa Wachina wa ujenzi wa barabara, miaka mitatu mfululizo juani. Nani angembishia? Mkiwa nzima hakuna aliyejua Kichina hata cha kuombea maji.

Mwalimu aliingia kibandani mara ya kwanza wiki tatu baada ya arobaini ya Severina. Hakufuata picha. Alifuata kelele, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imenyamaza mno, mpaka kijiko kikianguka anashtuka.

Siku hiyo ilichezwa picha ya Kichina, ya jiji lililojengwa katikati ya ziwa. Majumba meupe, barabara hazina hata ganda la muwa. Jioni ikifika, taa zote za jiji zinageuka kijani, na watu waliovaa makoti ya kijivu wanatoka na mikoba yao, kila mmoja anaelekea nyumba yake ya kugonga. Akaonyeshwa bibi mmoja amekaa mezani peke yake. Mlango ukagongwa. Mwenye koti akaingia, akavuta kiti, akakaa akitazamana na bibi, akaanza kuzungumza.

"Huyu ni mgeni wa jioni," ikasema sauti ya Amosi kwenye spika. "Jiji hili, ndugu zangu, limepiga marufuku mtu kula peke yake. Kila nyumba yenye mtu mmoja, serikali inaleta mgeni. Sasa anamuuliza, mama, umeshindaje? Mama anajibu, nimeshinda salama, ila goti linanisumbua. Mgeni anasema, hebu nieleze vizuri habari za hilo goti, mimi sina haraka."

Watu wakacheka. Bibi kwenye picha akaanza kulia, na Amosi akasema ni machozi ya furaha, kwa kuwa tangu mumewe afe hakuna aliyewahi kumuuliza habari za goti. Mwalimu Mughwai akatoa kitambaa akajifuta, akamwambia jirani yake kwamba vumbi la Mkiwa limezidi.

Picha ilipoisha akamfuata Amosi.

"Hiyo serikali ni ya wapi?"

"Ya kwenye picha, mwalimu."

"Ina akili kuliko zote nilizozisoma."

Hapo ndipo yalipoanza. Mwalimu alikuwa na kitabu chembamba, kimechakaa, kimepoteza jalada, alichokifundisha tangu ujana wake. Kilisimulia kijiji kilichokamilika: shamba moja, ghala moja, hakuna kufuli, hakuna anayelala na njaa. Akawa anakibeba kibandani. Kila siku, onyesho la saa kumi likiisha na watu wakitawanyika, wawili hao wanabaki kwenye benchi la mbele, wanapambanisha kijiji cha kitabu na jiji la picha.

"Kijiji chako ni kizuri," Amosi angesema, "lakini nani anazibua choo?"

"Zamu. Kila mtu ana zamu yake."

"Na mwenyekiti?"

"Mwenyekiti pia."

"Mwalimu! Mwenyekiti gani huyo? Huyo ni wa kwenye kitabu kweli kweli."

Wanacheka mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Kisha mwalimu anasimulia jinsi yeye mwenyewe, mwaka sabini na nne, alivyohamishwa pamoja na wazazi wake wakapangwa kwenye kijiji cha nyumba zilizonyooka kwa mstari, na jinsi baba yake alivyotoroka kila wikendi kwenda kutazama boma lake la zamani, lililokwisha kuota magugu. "Kwa hiyo najua," alisema, "ukamilifu wa kupangiwa unauma. Lakini njaa inauma zaidi. Kitabu changu kimefuta njaa."

"Sawa, wote wameshiba. Wakishashiba wanafanya nini?"

"Wanalala."

"Na asiyepata usingizi?"

Mwalimu akatoa kalamu. Akaliandika swali lile kwenye kaunta buku lake. Lilikuwa kaunta buku nene, kalipiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto kitabu, kulia picha. Miaka mitano aliandika humo. Upande wa picha uliendelea kujaa, maana Amosi alilirudia lile jiji la ziwani kila baada ya miezi michache, na kila mara alitafsiri kitu ambacho mara iliyopita hakukitaja. Mwalimu alidhani mtafsiri anazidi kuiva katika kazi. Mabenchi nayo yakazidi kuwa matupu mwaka hadi mwaka, vijana wakiwa na simu zao. Hilo mwalimu alilifurahia. Alisema sasa mtu anaweza kusikia vizuri.

Mwaka huu, mwezi wa tano, akapigiwa simu na Stanley, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye siku hizi anafundisha sekondari moja huko Nduguti. Vijana wake wa kidato cha sita walikuwa na mada ya jamii kamilifu katika vitabu na filamu. "Mwalimu, hakuna mwingine wa kuwaeleza hayo isipokuwa wewe."

Loo, usiku ule mwalimu hakulala kwa furaha! Akapiga pasi suruali mara mbili. Akaenda Singida, akalala kwa Flora, wajukuu wakamwonea ajabu babu anavyoongea peke yake bafuni. Asubuhi akapanda gari la Nduguti na kaunta buku kifuani.

Darasa lilijaa. Akaanza na kitabu, vijana wakaandika. Akaja kwenye picha. Na kumbe wengi walikuwa wameiona! Akachangamka. Akawaeleza kwamba waandishi wengi wa ndoto hizi hushughulika na tumbo: chakula, ardhi, kazi. Lakini jiji la ziwani limeenda mbali zaidi, limeuona upweke kuwa ni ugonjwa wa taifa na limeutafutia dawa. "Mfano ni mgeni wa jioni," akasema, "anayetumwa na serikali kwenda kula na mtu aliye peke yake."

Mtu akaguna nyuma. Kisha wakacheka, kwanza wachache, halafu darasa zima.

Msichana mmoja wa mbele, Aneth, hakucheka. Alinyoosha mkono kwa adabu. "Samahani mwalimu. Yule wa koti la kijivu ni mpelelezi. Anamhoji yule bibi ili amtaje mwanawe. Bibi analia kwa sababu anaogopa. Kesho yake wanamchukua."

"Nani kakwambia?"

"Maneno yanaandikwa chini, mwalimu. Kwenye simu."

Akamletea simu. Mwalimu akavaa miwani. Akasoma. Yule bibi hakuulizwa habari za goti. Aliulizwa, mwanao yuko wapi, nani wengine wanakuja hapa. Ile picha nzima ilikuwa ya kutisha, ya jiji linalotegea watu masikio mezani. Na yeye amesimama mbele ya watoto wa watu, ameisifia kwa dakika ishirini, ameivalia na suruali ya pasi mbili. Stanley alijaribu kumwokoa, akasema kila mtazamaji ana tafsiri yake. Mwalimu alitamani sakafu ifunguke.

Aibu ya mtu mzima haina pa kuiweka. Alirudi Mkiwa siku ileile, hakupita hata kwa Flora. Akashuka kwenye basi, akaenda kibandani moja kwa moja. Amosi alikuwa anafuta vumbi kwenye runinga, na alipomwona akatabasamu mpaka masikioni.

"Shikamoo mwalimu! Haya nipe habari. Walisemaje kuhusu mgeni wetu?"

"Kichina unakijua?"

Tabasamu likapungua. "Mwalimu..."

"Nakuuliza, unakijua au hukijui?"

Amosi akaweka kitambaa chini. "Najua 'simama'. Najua 'haraka'. Najua na matusi mawili matatu, maana ndiyo tuliyokuwa tunaambiwa kutwa."

"Basi yale yote uliyatoa wapi? Mgeni, goti, marufuku ya kula peke yake?"

"Kichwani."

Hapa msomaji wangu ungetegemea mwalimu wa fasihi asimame, afikiri kidogo. Si ndiyo kazi yake? Lakini aliyeaibika hafikiri. "Kichwani!" akafoka. "Kichwa gani hicho? Mtu uliyeshindwa darasa la saba mara mbili, wewe ndiye wa kunitungia jamii kamilifu? Miaka mitano naandika upuuzi wa mshika bendera nikidhani ni sanaa!"

Amosi alizima runinga, akachomoa nyaya, akaanza kuzikunja taratibu kwenye kiwiko. Mwalimu akaondoka, na njiani alijisikia mwepesi kama mtu aliyetapika.

Wepesi huo ulidumu siku tatu.

Siku ya nne, saa kumi jioni, miguu ikamwelekeza kibandani, akaikatalia. Akajiambia, yeye ndiye aliyenikosea, na aje. Wiki ikapita. Ikapita ya pili. Upepo wa Juni ukaanza kupiga mabati ya jikoni, na kila yakigonga alinyanyua kichwa akidhani ni hodi. Alianza kusoma riwaya tatu, zote akaziacha katikati, maana ulikuwa ni utamu gani huo wa kusoma kitu usichoweza kwenda kukibishania? Akawa anaongea na kuku. Si kuwafukuza, kuongea nao. Jumapili Flora alipopiga simu alimkatalia kama kawaida, lakini safari hii akaongea naye dakika arobaini juu ya bei ya pumba, mpaka binti akauliza, "Baba, unaumwa?"

"Siumwi," akasema. Alikuwa anaumwa. Upweke unauma, jamani, tena unauma mwilini, hapa chini ya mbavu, na hauna kidonge.

Wiki ya sita akalifungua kaunta buku. Alikusudia kuchana kurasa awashie moto. Akasoma ukurasa mmoja kwanza, upande wa kulia, upande wa picha. Aliandika siku nyingine: katika jiji la ziwani, mtu akipita mlangoni kwako siku mbili bila kubisha hodi, anaitwa na wazee kueleza kuna nini. Kurasa chache mbele: katika jiji la ziwani, mgonjwa haulizwi anaumwa nini, anaulizwa kwanza nani yuko naye. Tena: vyumba vya waliokufa haviachwi vimefungwa, hupewa asiye na pa kulala, ili nyumba isisahau sauti za watu.

Akavua miwani. Hakuna Mchina aliyesema hayo. Hakuna mwandishi, hakuna mwongozaji wa picha. Yalisemwa na Amosi, kwenye maiki, jioni baada ya jioni, mbele ya mabenchi matupu. Yeye alidhani anapambanisha kitabu na picha, kumbe miaka yote mitano kulikuwa na mtu ameketi ubavuni mwake, anamweleza kwa njia pekee aliyoiweza anavyotamani kuishi. Na mwalimu aliyapokea yote, akayapigia mstari, akayapa namba za kurasa. Hakumuuliza hata siku moja, na wewe Amosi, jioni unakula na nani?

Wala hakujua analala wapi. Akalitafuta jibu kichwani, akalikosa. Miaka mitano!

Alivaa viatu mbio mbio, akatoka bila kofia. Kibanda kilikuwa kimefungwa, benchi moja limetolewa nje na mbuzi amelala chini yake. Jirani na hapo Magreth alikuwa anapanga chupa zake za mafuta ya alizeti.

"Shikamoo mwalimu. Umepotea!"

"Marahaba. Amosi yuko wapi?"

Magreth akamtazama. "Hukuambiwa? Kaenda Itigi kwa dada yake. Sasa ni wiki tatu na siku kadhaa. Runinga kauza."

"Kwa nini? Kibanda si kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kazi gani, mwalimu? Tangu mwaka juzi hakuna mtu anayeingia humo. Tulimwambia afunge, auze hata karanga. Akasema hawezi kufunga, mwalimu atakaa wapi saa kumi." Akageuza chupa moja lebo itazame barabarani. "Alikuwa akilala humohumo, nyuma ya runinga. Ulipoacha kuja alifungua siku kumi na nne. Nilihesabu, maana kila siku anaweka picha, anakaa, anazima. Ya kumi na tano akafungasha."

Mwalimu alishika nguzo ya kibanda. Hakuwa na namba ya Amosi; hakuwahi kuihitaji. Magreth akampa. Akaenda kusimama nyuma ya kibanda, mahali ambapo kelele za njia panda hazifiki sana, akapiga.

"Haloo."

"Amosi. Ni mimi, Mughwai."

"Aa! Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Habari za Itigi?"

"Nzuri tu. Namsaidia shemeji kurina asali. Nyuki wa huku wakali, si mchezo."

Nyuma yake zilisikika sauti za watoto, na mwanamke anamwambia mtu asogeze sinia. Mwalimu akajikohoza. "Nimesoma lile kaunta buku upya. Upande wa kulia ni wako wote. Nimeona ni bora kuliko kitabu changu. Nasema kweli."

"Asante, mwalimu."

"Na lile neno la darasa la saba... Nilikukosea, Amosi. Nisamehe."

"Ah, yameisha hayo. Nilishasahau." Alilisema kwa upole, kwa heshima zote, kama mtu anavyomjibu mkaguzi wa shule. Hakuna utani hata chembe. Mwalimu angefurahi zaidi kama angetukanwa.

"Basi rudi," akasema.

"Nirudi Mkiwa?"

"Ndiyo, rudi."

"Kwa nani, mwalimu?"

Neno lilikuwa dogo. Kwangu. Nyumba ya mwalimu ina vyumba vitatu, viwili havijafunguliwa tangu msiba. Meza ina viti vinne. Neno likapanda mpaka ulimini, na hapo likakutana na miaka thelathini na minne ya kusimama mbele ya watu, na ya kuitikia marahaba, na likakwama. Mtu hajazoea kuomba, anaombaje?

"Kwa... kwa wateja wako," akasema.

"Wateja," Amosi akarudia, taratibu.

Kule Itigi mtoto akaita, mjomba, chakula kinapoa, wewe tu ndiye tunakungoja.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo."

"Haya, huku wananiita. Nashukuru sana kwa kunikumbuka. Basi, wasalimie hapo nyumbani."

"Zimefika," Mwalimu Mughwai akajibu, na simu ikakatika.